Takwimu za dawa za kulevya na pombe vijijini Lamu: zinapatikana wapi, na zikikosekana mfanye nini

Swali: Assalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha vijana na wazee hapa Faza, kisiwa cha Pate. Kila kikao cha bajeti tukisema unga na muguka unatumalizia watoto, tunajibiwa "leteni takwimu". Tukitafuta mtandaoni tunakuta za Kenya nzima au za Mombasa. Za vijijini kwetu ziko wapi? Na tukizikosa, tuzikusanye vipi hata zikubalike?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu zangu wa Faza. Niwaambie mapema msije mkamaliza bando bure: hakuna jedwali lenye mstari wa Faza, wala wa Siyu, wala wa Kizingitini, unaoonyesha ni wangapi wanatumia unga (heroini), bangi, muguka (majani ya jamii ya miraa) au pombe. Tafiti za taifa hazikupangwa zishuke mpaka huko. Zilizopo ni namba za vipande, na kila kipande kimehesabu kitu chake: kimoja watu waliohojiwa majumbani, kingine waliofika hospitalini, kingine waliokamatwa. Ombi lenu litasimama mkichukua vipande vitatu vinne, mkaeleza kila kimoja kinahesabu nini, halafu mkaongeza namba moja ndogo mliyoipata wenyewe kijijini kwa utaratibu unaoeleweka.

Karibu kila mtu huanzia NACADA, na ni sawa, kwa kuwa ndiyo mamlaka ya taifa ya kupambana na vilevi na dawa za kulevya, na imefanya tafiti za nchi nzima mwaka 2007, 2012, 2017 na 2022. Ripoti ya 2022 iliangalia watu wa miaka 15 hadi 65. Asilimia 17.5 kati yao walikuwa wanatumia angalau kilevi kimoja wakati ule: pombe asilimia 11.8, tumbaku 8.5, miraa 3.6, bangi 1.9. Hizo ni za Kenya nzima. Zikigawanywa, zinagawanywa kwa mikoa ya zamani, na Lamu inaingia ndani ya "Pwani" pamoja na Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Taita Taveta. Sasa fungueni sensa ya 2019. Kaunti hizo sita zilikuwa na watu 4,329,474. Lamu yote ilikuwa na 143,920, yaani kama watu watatu tu katika kila mia. Mombasa na Kilifi peke yao zinachukua zaidi ya asilimia 61. Kwa hiyo asilimia yoyote iliyoandikwa "Pwani" inaeleza zaidi habari za Likoni na Mtwapa kuliko za Pate. Itajeni, lakini semeni ni ya mkoa.

Makosa mawili huharibu maombi mengi hapa. La kwanza ni kuzidisha kibubusa. Mtu anachukua asilimia 17.5, anaizidisha na wakazi 22,258 wa Lamu Mashariki, anapata 3,895, kisha anaandika kwamba hao ndio watumiaji wa Lamu Mashariki. Ile asilimia ni ya watu wa miaka 15 hadi 65, na wale 22,258 wamo hata watoto wachanga. Diwani mmoja akiuliza "na wa madrasa mmewahesabu?" hamna jibu. Mkilazimika kufanya hesabu hiyo, chukueni idadi kwa umri kutoka juzuu la tatu la sensa, mkaandika wazi kwamba ni makisio yanayochukulia kuwa Faza ni sawa na wastani wa Kenya, jambo ambalo hamna ushahidi nalo.

La pili ni kuchanganya aliyewahi kutumia, anayetumia sasa na mraibu. Tafiti huuliza "umewahi hata mara moja?", kisha "katika siku 30 zilizopita?", kisha maswali mengine kabisa ya kupima uraibu. Utafiti wa NACADA wa shule za msingi uliofanywa kabla ya korona ulipata asilimia 20.2 ya wanafunzi waliowahi kutumia kilevi chochote maishani. Ukiinukuu kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano ni mraibu, umesema uongo, na atakayekusahihisha atakusahihisha mbele ya kikao.

Kwa pombe na tumbaku, chanzo kizuri zaidi kwa vijiji ni ule Utafiti wa Demografia na Afya wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, uitwao KDHS wa 2022. Huu ulipangwa utoe majibu kwa kila kaunti, na ndani ya kaunti ukatenga mjini na kijijini, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo zote ni mjini. Ndiyo maana una matabaka 92, na Lamu vijijini ni tabaka linalojitegemea. Yalichaguliwa maeneo ya sensa 1,692, kaya 25 kila moja. Haukuuliza heroini wala bangi, kwa hiyo msiutafutie hilo. Ila kwa pombe, una siku ngapi mtu alikunywa mwezi uliopita, na wanaume wa miaka 15 hadi 54 pia waliulizwa. Ripoti iliyochapishwa huonyesha kaunti, au mjini na kijijini kwa nchi nzima. Kijijini ndani ya Lamu hamtakiona, mpaka mtu afungue takwimu ghafi.

Takwimu ghafi KNBS huziweka kwenye hifadhi yake iitwayo KeNADA. Unajisajili na kueleza unazitakia nini. Mkimpata mwanafunzi wa chuo anayejua programu za takwimu kama Stata, SPSS au R, kazi ni ya nusu siku. Mwambieni achuje kaunti kwa V024 na kijijini kwa V025 (1 ni mjini, 2 ni kijijini), atumie uzani wa V005 uliogawanywa kwa 1,000,000, na atangaze V021 na V023 ili programu ijue watu walichaguliwa kwa makundi. Kwa wanaume majina hayo huanza na M: MV024, MV025 na kadhalika. Akisahau uzani, jibu litakuwa la watu waliohojiwa, na si la watu wa Lamu.

Kisha aangalie kosa la sampuli kabla hamjashangilia. Wanaume walihojiwa katika nusu ya kaya tu. Tuseme tabaka lenu likabakiwa na wanaume 150, na asilimia 20 wakasema walikunywa mwezi uliopita. Ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 13 na 27 hivi, na ukihesabu kwamba waliohojiwa walikuwa majirani wanaofanana, pengo linapanuka zaidi. Namba kama hiyo inatosha kuonyesha kwamba tatizo lipo. Kulinganisha Faza na Witu haiwezi. Wala msijaribu kutafuta kijiji chenu kwa ramani ya utafiti: alama za maeneo ya vijijini husogezwa makusudi hadi kilomita 5, na chache hadi 10, ili watu wasitambulike. Pate penyewe kilomita 10 zinakuvusha vijiji vingapi?

Nenda hospitalini sasa. Kila mwezi vituo vya afya hujaza muhtasari wa wagonjwa wa nje, fomu MOH 705A kwa walio chini ya miaka mitano na 705B kwa waliozidi, na muhtasari huo huingizwa katika KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Katika 705B mtaona mstari wa magonjwa ya akili, nao ndio mara nyingi humeza uraibu bila kuutenga. Kijana mwenye jipu la sindano huandikwa jipu. Aliyeanguka kwa ulevi huandikwa jeraha. Kwa hiyo muhtasari wa mwezi utawaonyesha sehemu ndogo sana. Mkitaka zaidi, ulizieni waliolazwa, maana huko hutumika namba za uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani: katika toleo la kumi, F10 ni pombe, F11 ni jamii ya heroini, F12 bangi, F13 dawa za usingizi, na orodha inaendelea hadi F19. Sumu ya pombe ni T51, na methanoli, ile inayopofusha na kuua watu kwenye pombe haramu, ni T51.1. Mkiandika namba hizo kwenye barua, afisa wa rekodi wa King Fahd, hospitali ya kaunti mjini Lamu, au wa hospitali ya Faza anajua moja kwa moja achuje nini. Mkiandika "wagonjwa wa mihadarati", atawarudishia barua au atawapa chochote.

Malindi ina kitu ambacho kaunti nyingi hazina: kliniki ya methadone, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, katika hospitali ya kaunti ndogo, tangu 2015. Ni daftari la maana, kwa sababu kila mteja ameandikishwa akiwa mtumiaji wa heroini au dawa za jamii hiyo, na eneo anakotoka limo. Ombeni idadi kwa wadi, bila majina. Lakini isomeni kwa akili. Methadone hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Wa Ganda anaweza kufika kila asubuhi, wa Garashi anateseka, na wa Faza, mwenye kuvuka bahari hadi Mokowe kisha barabara ya Witu na Garsen, hawezi abadan. Ukikuta sifuri kwa Pate, umepima umbali. Kwenye ombi lenu hoja hiyo ya umbali huenda ikawa na nguvu kuliko asilimia yoyote, kwa kuwa haihitaji hesabu.

Tafiti za zamani za Pwani zipo pia. Susan Beckerleg na wenzake walichapisha mwaka 2005 jinsi watumiaji wa heroini wa Malindi na Watamu walivyohama kutoka kuvuta hadi kujidunga. Ni historia nzuri ya kueleza jinsi mambo yalivyoanza. Isitumike kama hali ya leo.

Polisi na mahakama nitazipitia haraka. Makosa ya dawa za kulevya yamo katika ripoti za mwaka za polisi na katika jedwali la uhalifu la KNBS. Yanaeleza polisi walifanya nini. Mkuu mpya wa kituo cha polisi (OCS) akiwa na bidii, waliokamatwa huongezeka maradufu na watumiaji wakabaki walewale. Na shehena za baharini msiziguse kabisa: mwezi wa Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini mashariki ya Mombasa. Hiyo ilikuwa njiani kwenda masoko ya mbali, na watu wanapenda mno kuiweka kwenye maombi ya vijiji.

Muguka una njia yake, na wachache huifikiria. Muguka haulimwi kwetu, unakuja kwa gari kutoka Embu, na kwa visiwa vya Lamu unapita barabarani kabla ya kupakiwa mashua. Panapotozwa ushuru wa mazao pana risiti, na kwenye risiti pana tarehe na kiasi. Mwaka 2024, Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku mwezi wa Mei na Rais akatangaza ndani ya siku chache kwamba marufuku hayo hayana nguvu, mjadala mzima ulijaa hasira na ukakosa tarakimu. Ombeni idara ya mapato ya kaunti kiasi cha miraa na muguka kilicholipiwa ushuru kila mwezi kwa miaka miwili. Magendo hayamo, naam. Ila mtaona mwelekeo, na hakuna kijana aliyelazimika kuulizwa anatafuna ngapi. Leseni za kuuza pombe ni vivyo hivyo: ziko kwa kaunti, ni orodha ya wazi, na ukizipanga kwa wadi unapata idadi ya maduka na baa kwa kila wakazi elfu. Mangwe za mnazi zisizo na leseni mtazihesabu kwa miguu.

Sasa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Afisa ana siku 21 za kujibu, na anaweza kuongeza 14 kama kazi ni kubwa. Kuomba ni bure, gharama ni ya nakala tu. Akikataa au akinyamaza, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Huna haja ya kueleza sababu ya kuomba, ingawa kwa adabu ya kwetu ni vyema kueleza. Mfano:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba idadi ya wagonjwa waliolazwa Januari 2022 hadi Desemba 2024 katika hospitali za umma za Kaunti ya Lamu, wenye utambuzi F10 hadi F19 na T51, kwa mwezi, jinsia, kundi la umri (15–24, 25–34, 35 na zaidi) na wadi wanakotoka. Hatuombi majina wala namba za wagonjwa. Pale idadi ni chini ya 5, andikeni 'chini ya 5'. Tunaomba jedwali la Excel."

Hilo la "chini ya 5" msiliondoe. Hali ya afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na katika kijiji kidogo mwanamke mmoja wa miaka 35 aliyelazwa Machi anajulikana na kila mtu hata jina lisipoandikwa. Afisa akiona mmelifikiria mapema, woga wake unapungua. Kingine: andikeni jina la wadi pamoja na kaunti kila mara. Kuna Shella ya Lamu na Shella ya Malindi, zote ni wadi. Na Malindi ya sensa, kaunti ndogo yenye watu 333,226, haina mipaka sawa na eneo bunge la Malindi lenye wadi tano. Mkigawanya wagonjwa wa mpaka mmoja kwa wakazi wa mpaka mwingine, kiwango chote ni batili.

Tuje kwenye namba yenu wenyewe. Hojaji ya nyumba kwa nyumba ndiyo watu huikimbilia, na kijijini ndiyo hudanganya zaidi. Nani atamwambia mtoto wa jirani, mbele ya mama mkwe, kwamba anavuta? Kwa mazingira ya Faza ningechagua kura ya siri ya vikundi, njia ambayo mpango wa taifa wa UKIMWI, NASCOP, umeitumia kwa maswali mazito kuliko haya.

Mnakusanya watu 10 hadi 12, jinsia moja na umri unaokaribiana. Kila mmoja anakaa nyuma ya kizuizi cha katoni asionekane na mwenzake. Anapewa kadi zenye namba za maswali, na mbele yake pana visanduku vitatu: kijani ni ndiyo, chekundu ni la, cheupe ni "hainihusu". Mwendeshaji anasoma swali la 1 mara mbili, kila mtu anatia kadi ya 1 kisandukuni, mnakwenda la 2. Maswali yasizidi 15. La kwanza liwe la mazoezi, kwa mfano "Je, umewahi kupanda mashua?", ili mwone nani hajaelewa. Mwisho visanduku vyote vya kijani vinamwagwa pamoja na kadi kuhesabiwa kwa namba: swali la 7, kadi nne za kijani kati ya 12. Hakuna anayejua ni za nani, hata nyinyi. Hasara yake ni kwamba huwezi kusema walewale wanaotafuna muguka ndio wanaovuta bangi, kwa kuwa majibu ya mtu mmoja hayaunganiki. Kwa bajeti hamhitaji hilo.

Nani aingie kwenye vikundi? Msiwaite wanaojitokeza. Wahamasishaji wa afya ya jamii wana daftari la kaya, MOH 513, na hiyo ndiyo orodha yenu ya kuchagulia. Ombeni ruhusa kwa msimamizi wao. Kaya zikiwa 600 na mnataka watu 144, yaani vikundi 12 vya watu 12, chagueni kila kaya ya nne, mkianza na namba ya kura kati ya 1 na 4. Mtapata 150, na ziada itaziba pengo la wasiokuja. Ndani ya kaya chukueni mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa inafuata kwa karibu, au kura, ili wasije wanaopatikana nyumbani tu, ambao aghalabu ni kina mama na wazee. Kwa watu 144, namba ya asilimia 20 inaweza kukosea kama asilimia 7 juu au chini. Inatosha. Walio chini ya miaka 18 waacheni kwa mara hii: idhini ya mzazi inahitajika, na mzazi akishajua swali, jibu limeshaharibika.

Chifu asiwepo ukumbini, wala mzee wa Nyumba Kumi, hata kama ndiye aliyewapa ukumbi. Mtoeni kwa heshima. Mwendeshaji atoke kijiji kingine. Kwa wanawake awe mwanamke. Maneno yawe ya watu: unga, kete, bangi, muguka, tambuu, kuberi, ugoro, vidonge vya kulewesha. Msiulize "mihadarati", mtu anayetafuna muguka atasema la kwa moyo safi. Msiandike "teja" popote kwenye swali, maana hakuna atakayejiita hivyo.

Wakati nao una mambo yake. Swali la "siku 30 zilizopita" likiulizwa Shawwal linahesabu Ramadhani, na utumizi utaonekana umeshuka. Kaskazi wavuvi wengi wako dago, yaani kambi za uvuvi, na dago ndilo mahali pa kuulizia. Kusi wako nyumbani bila kazi. Chagueni mwezi mmoja, mwandike kwa nini, na mkirudia mwakani rudieni mwezi huohuo wa msimu.

Kwa wasomaji wa Mpeketoni, Ganda, Jilore au Marafa, ambako pombe ndiyo shida kuu, kuhesabu "glasi" hakufai bila kipimo. Zana ya AUDIT ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 10 na alama hadi 40. Alama 8 na zaidi ni unywaji wa hatari, 20 na zaidi huelekea uraibu. Inataka kinywaji kimoja kiwe na gramu 10 za alkoholi. Hesabu ni mililita mara nguvu mara 0.789. Nusu lita ya mnazi wenye asilimia 5 ni gramu 20 hivi, yaani vinywaji viwili. Robo lita ya chang'aa ya asilimia 30 ni gramu 59, karibu sita. Mnazi una tabu yake: unaanza kuchacha tangu mgema anapoushusha, wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, wa jioni ni mkali, na kipimo cha Jumatatu si cha Jumanne. Pimeni nguvu ya sampuli za asubuhi, mchana na jioni kwenye mangwe tatu, chukueni wastani, mkaandika hivyo. Na pimeni ujazo wa mboko au kikombe chenyewe kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kila mangwe ina chake.

Heroini haitaonekana vizuri kwenye kura ya kaya. Anayelala maskani au kwenye mashua hayumo katika daftari la 513. Kwa hao kuna njia ya kuhesabu mara mbili. Mtu anayeaminika nao, mara nyingi aliyepona, anagawa kitu kisicho na thamani lakini cha kipekee, tuseme bangili ya rangi moja, kwa watumiaji 50. Baada ya wiki mwingine anazunguka maskani zilezile, anakutana na watu 60, na 20 wanasema walipewa bangili. Hamsini mara sitini gawanya kwa ishirini ni 150, na hilo ndilo kadirio la wote. Linavunjika kwa sababu tatu: bangili kupeanwa, mtu kuhesabiwa mara mbili, au wale walewale wanaopenda kuzungumza kukutwa mara zote mbili, na hapo idadi hushuka kuliko ukweli. Hakuna orodha ya majina, hakuna picha, na maskani isitajwe kwenye ripoti, isije ikawa ramani ya msako. Mkiwa na watumiaji, kuweni na pa kuwaelekeza: simu ya NACADA ya 1192 ni ya bure.

Kabla hamjaanza, waoneni afisi ya afya ya kaunti kwa barua. Mkishirikiana na chuo au mkitaka kuchapisha, inahitajika idhini ya kamati ya maadili, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Pwani, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Ombeni miezi kadhaa mapema.

Ombi lenyewe lisizidi kurasa mbili. Kila namba iandikwe na watu gani, mwaka gani, mpaka gani, na ilipatikana vipi, ndani ya sentensi ileile. "Kati ya watu wazima 144 wa Faza waliochaguliwa kutoka daftari la kaya na kujibu kwa kura ya siri, 23 walisema walitumia muguka siku 30 zilizopita" (namba za mfano) ina nguvu kuliko "vijana wengi wameangamia", na hakuna wa kuipinga. Halafu ombeni kitu kimoja chenye gharama: siku za mhudumu wa ushauri Faza, au boti ya rufaa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mkisubiri kikao cha Mei, fedha zimeshagawanywa kwenye karatasi. Pelekeni nakala mbili kabla ya Agosti kwisha, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo.